Matofali Yaleyale, Majani Hakuna

Soma Kutoka 5:6-19. Kuna jambo katika sura hii ambalo hupitwa haraka, kwa kuwa msomaji anangoja kumwona Musa akirudi mbele za Farao. Farao hakuongeza idadi ya matofali. Aliiacha hesabu ileile ya jana, akaondoa majani. Katika daftari la msimamizi hakuna kilichobadilika: matofali ni yaleyale na siku ni ileile. Kilichobadilika kilikuwa katika migongo ya watu, na daftari halina safu ya kuandikia migongo.

Msomaji wa Kasulu au Kibondo hahitaji kwenda Misri ili aelewe. Kambi ya Nyarugusu ipo tangu 1996, ilipofunguliwa kwa ajili ya Wakongo. Mwaka 2015 Warundi walipoingia kwa wingi, Nduta ilifunguliwa tena, na Mtendeli ikafuata mwanzoni mwa 2016. Kambi ni makazi ya wakimbizi, lakini pia ni mahali pa kazi kwa wauguzi, walimu, madereva, walinzi, wahasibu na watunza ghala. Mtabila ilipofungwa mwaka 2012, na Mtendeli mwaka 2021, kazi zilikwisha pamoja nazo. Kisha ukaja mwaka 2025. Januari, serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Machi ikatangaza kwamba asilimia 83 ya programu za USAID zimefutwa. Juni, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, likasema linaondoa nafasi za kazi zipatazo 3,500 duniani. Uamuzi unaofanyika Washington au Geneva hufika kwenye vilima vya Buha ukiwa barua ya ukurasa mmoja.

Aliyepokea barua hiyo anahurumiwa, na ni haki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtambua: mwajiri lazima atoe taarifa na kufanya mashauriano kabla ya kupunguza watu, na aliyetumikia mwaka mmoja au zaidi hulipwa mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliomaliza, hadi miaka kumi. Kanisa nalo linajua la kufanya. Wazee wanamtembelea, Dorkasi wanapeleka maharage na unga. Lakini yuko mtu mwingine ambaye hakuna anayemtembelea, kwa sababu hakupokea barua.

Chukua mfano wa muuguzi katika kituo cha afya cha kambini. Walikuwa watano katika zamu zao, sasa wako wawili. Wagonjwa hawakupunguzwa. Malaria ya msimu wa mvua haikupata barua. Sabato anaketi kanisani, na mabenchi mawili mbele yake ameketi dada waliyefanya naye kazi miaka sita, ambaye sasa analima mihogo ya kukodi shamba. Wakati wa shuhuda muuguzi anasimama kumshukuru Mungu kwa kumbakiza kazini, na maneno yanamkwama kooni. Tangu siku hiyo anaona kwamba hana ruhusa ya kuchoka. Atachokaje, naye ndiye aliyependelewa? Ndugu wanampigia simu kwa ajili ya ada za shule, maana yeye ndiye mwenye mshahara. Kamati ya uteuzi inampa kwaya, idara ya watoto na afya ya kanisa, maana yeye ndiye mwaminifu. Na makambi yakikaribia, bahasha ya kwanza huwa yake.

Shirika la Afya Duniani lilipoandika mwaka 2019 juu ya uchovu wa aina hii, halikuuita ugonjwa. Liliuita hali inayotokana na msongo wa kazi usioshughulikiwa, na likataja dalili zake: nguvu kwisha, moyo kujitenga na kazi au kuidharau, na kazi yenyewe kufanyika vibaya. Dalili ya pili ndiyo inayomwogopesha muuguzi mwamini. Zamani aliwaita wagonjwa mama na baba. Sasa anawaita kwa namba ya kadi. Anadhani imani yake imepoa. Huenda anachohitaji kwanza ni usingizi.

Soma 1 Wafalme 19:1-18. Eliya chini ya mretemu anaomba kufa, kisha analala. Malaika anapokuja hamletei hotuba. Anamgusa, anampa mkate na maji, anamwacha alale tena, halafu anampa chakula mara ya pili kwa kuwa safari ni ndefu. Maswali yanakuja baadaye, Horebu. Huko Eliya analia kilio cha kila aliyebaki baada ya wenzake kuondolewa: kwamba amesalia peke yake. Mungu anamjibu kwa hesabu, watu 7,000, na kwa jina la mtu mmoja, Elisha, atakayechukua nafasi yake. Kabla ya hapo Eliya alikuwa amemwacha mtumishi wake Beer-sheba na kuendelea peke yake jangwani. Ni tabia ya waliochoka: humwacha msaidizi kwanza.

Hapa linatokea swali gumu. Je, ni wema kuibeba kazi ya walioondolewa? Wengi hujibu ndiyo bila kufikiri, na humtaja Gideoni, ambaye jeshi lake la watu 32,000 lilipunguzwa hadi 300 na bado likashinda (Waamuzi 7). Mfano huo hausaidii sana. Wale 300 hawakuagizwa kupigana sehemu ya wale 32,000. Walipewa tarumbeta, mitungi na mienge, na adui akaangamizana mwenyewe. Aliyepunguza watu alibadili pia kazi. Farao hakufanya hivyo.

Mgonjwa aliye mlangoni, hata hivyo, hajui habari za Gideoni wala za Farao. Mtoto anatetemeka kwa homa na mama yake ametembea tangu alfajiri. Muuguzi hawezi kumwambia arudi mpaka bajeti irekebishwe, na Yesu hamtaki afanye hivyo: ng'ombe aliyetumbukia kisimani huvutwa siku hiyohiyo, hata ikiwa Sabato (Luka 14:5). Kanisa limeliamini hilo siku zote, na hospitali zake hazifungwi Ijumaa jua linapozama. Lakini ikiwa ng'ombe anatumbukia kila Sabato, kisima kilekile, wiki baada ya wiki, mwenye kisima anapaswa kuulizwa kwa nini hajakifunika. Huruma ya anayemvuta ng'ombe isiwe sababu ya kisima kubaki wazi.

Ndiyo maana ukimya wa aliyebaki si jambo dogo la kiadili. Kazi ya watu watano ikifanywa na wawili bila neno, ripoti ya mwezi itaonyesha kwamba wawili wanatosha. Anayeisoma Dodoma au Nairobi hataona saa za usiku wala dawa iliyokaribia kutolewa kimakosa saa tisa alfajiri. Muuguzi hakusema uongo wowote, lakini takwimu zake zimesema. Amri ya tisa hufikiriwa kuwa ni ya mahakamani na ya umbea wa sokoni. Inaweza pia kuigusa ripoti ya mwezi. Wanyapara wa Israeli walikwenda kwa Farao mwenyewe wakamweleza waziwazi: majani hayatolewi, matofali yanadaiwa, watu wanapigwa. Walirudi na matusi ya kuitwa wavivu. Hata hivyo neno lilikuwa limesemwa.

Muuguzi ana cha kusema. Sheria ileile ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, inataka saa za ziada ziwe kwa makubaliano na zisizidi 50 katika wiki nne, na inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 24 kila wiki. Dharura ina nafasi yake katika sheria, lakini miezi minane mfululizo ni vigumu kuiita dharura. Anaweza kuandika barua, pamoja na mwenzake, bila hasira: kazi hizi tutazifanya, hizi hatutaweza, na haya ndiyo madhara kwa wagonjwa. Huenda wasisikilizwe. Huenda mkataba ujao usije, na hofu hiyo si ukosefu wa imani. Ni ada za watoto wa watu.

Kwa upande wa kanisa mambo ni mepesi zaidi, na ndiyo sababu inashangaza kuona yanavyocheleweshwa. Katika benchi moja ameketi aliyechoka kwa kazi, na katika lingine aliyechoka kwa kuikosa. Yethro alipoona Musa akihukumu watu tangu asubuhi hata jioni, hakumsifu kwa bidii. Alisema jambo hilo si jema, na kwamba litamchosha yeye na watu pia (Kutoka 18:13-23). Mhasibu aliyepunguzwa anaweza kuwa mhazini. Mwalimu aliyepunguzwa anaweza kuichukua idara ya watoto, si kama zawadi ya kufutia machozi, bali kwa kuwa anaiweza kuliko muuguzi anayesinzia.

Soma Kutoka 6:9. Musa alirudi kwa Waisraeli na habari njema kabisa ya ukombozi, nao hawakumsikiliza, kwa sababu ya uchungu wa moyo na utumwa mzito. Maandiko hayawakemei. Mungu hakungoja wapate nguvu ya kusikia, wala hakuwahubiria mara ya pili. Fungu linalofuata linamtuma Musa aende akaseme na Farao.