Tafakari ya Ramadhani, Siku ya 17: Saa ya Sita



Tuseme ndugu yetu ana saa tano za otomatiki nyumbani, sasa anatafuta ya sita. Amebakiwa na mbili za bei ya kati: Seiko Presage na Tissot Powermatic 80. Zote hazina betri, zinajijaza kwa mwendo wa mkono. Ukiivua, Presage aliyoiona inasimama baada ya masaa kama 40. Tissot inafika 80. Basi anaelekea Tissot: “Hii hata nisipoivaa siku tatu, bado inatembea.”

Hebu tusimame hapo. Saa imetengenezwa ivaliwe, naye anaipenda kwa kuwa inaweza kukaa bila kuvaliwa.

Kununua saa nzuri si haramu, na mtu ana haki ya kufurahia jasho lake. Lakini Surat At-Takathur inatuonya juu ya kushindana kwa wingi, na inamalizia kwamba tutaulizwa kuhusu neema. Saa iliyolala kwenye boksi nayo ni neema.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza Seiko au Tissot, tuangalie zile tano. Ipi haijavaliwa tangu Ramadhani iliyopita? Mpe mdogo wako, au ustadh wa madrasa, kabla ya Idi. Kisha urudi dukani. Ukiona bado unaitaka ya sita, nunua kwa raha. Ila kama kuitoa ile moja kunauma kuliko kulipia mpya, basi funga yetu bado ina kazi hapo.

Allah atujaalie mikono mepesi ya kutoa. Amin. Futari njema.