Shujaa Aliyefukuzwa Nyumbani

Somo: Waamuzi 11:1–11 na 29–40

Wazazi kadhaa wameniuliza kama ni dhambi vijana wetu kusoma vile vitabu vya katuni vya mashujaa, hasa huyo wa popo, Batman, mwenye mavazi meusi na moyo mzito. Kabla ya kusema ndiyo au hapana, hebu tujue kwanza kinachowavuta.

Wakati Shujaaz ilipoanza mwaka wa 2010, ikitolewa bure ndani ya gazeti, vijana waliipenda kwa sababu ya DJ Boyie, kijana asiye na kazi anayerusha redio yake kutoka nyumbani. Huyo hana nguvu za ajabu. Anaanzia chini, basi. Batman naye alitokea 1939 katika jarida la Detective Comics, namba 27, na mwaka huo huo, namba 33, wasomaji wakaambiwa alikotoka. Mtoto Bruce Wayne anatoka sinema na wazazi wake, jambazi anawapiga risasi wote wawili mbele ya macho yake. Kisha usiku, kando ya mshumaa, mtoto anaapa kwamba maisha yake yote ni vita na wahalifu. Amekua, ana mali, lakini kidonda hakifungi. Zaidi ya miaka 80 imepita na bado yuko pale pale alipoanguka baba yake. Mimi nimesomea biashara, kwa hivyo niruhusuni niseme hivi: wenye jarida hawawezi kumponya. Siku atakapopona, watauza nini?

Sasa fungua Waamuzi 11. Yeftha ni shujaa hodari, lakini mama yake ni kahaba. Wale ndugu wa nyumba kubwa wanakua, wanamwambia wazi hana urithi kwa baba yao, wanamfukuza. Anakimbilia nchi ya Tobu, na wanaomzunguka huko ni watu wa ovyo tu. Si hadithi ya mbali hii. Hapa Khwisero mashamba yamegawanywa mpaka mtu anapanda mahindi akigusa ukuta wa jirani, na mzee akizikwa, kabla udongo haujakauka, ndugu wanakaa kumjadili yule kijana aliyekuja na mama yake. Ati yeye si wa boma hili. Alipokuwa akilisha ng'ombe wa mzee alikuwa wa boma. Katiba yetu, kifungu cha 53, inawapa baba na mama wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au la. Lakini nani anasoma Katiba matangani? Kijana anaondoka na begi moja, na Tobu ya siku hizi haiko mbali, unaifikia kwa bodaboda.

Waamoni walipokuja na vita, wazee wale wale wakamfuata. Yeftha akawauliza, si ninyi mlionichukia? Swali la haki kabisa. Nampenda kwa hilo, na pia kwa sababu hakukimbilia upanga. Alituma wajumbe kwa mfalme wa Amoni kwanza, akajadiliana naye kwa historia ya miaka 300. Mtu aliyeumizwa akitafuta amani!

Angalia mstari wa 29 sasa. Roho wa Bwana anamjilia Yeftha. Umeona? Tayari ameshapewa. Lakini mstari wa 30 anaweka nadhiri, kwamba chochote kitakachomtokea mlangoni atakitoa. Analipia kitu alichokwisha kupewa bure. Kwa nini? Nafikiri mtoto aliyefukuzwa bado alikuwa anaongea ndani yake: hakuna anayenipenda bila kulipwa. Na aliyetoka mlangoni ni binti yake, mtoto wa pekee, anacheza na matari. Ndugu walimnyima nyumba, naye kwa kinywa chake mwenyewe akaimaliza nyumba yake. Sura ya 12, Waefraimu 42,000 wanakufa mkononi mwake. Waebrania 11:32 bado inamtaja kati ya watu wa imani, haleluya, lakini binti hakurudi.

Kwa hivyo kijana, soma katuni yako, sikukatazi. Lakini usiape kando ya mshumaa. Usiseme, mimi nilitupwa, kwa hivyo nitawaonyesha. Mungu hauzi kidonda chako kila mwezi, hapati faida yoyote ukibaki mgonjwa. Yeye ana nia ya kukifunga.

Jumatano baada ya maombi ya jioni, wale wote ambao hawana pa kuita nyumbani wabaki kanisani. Wazee wawili na mama mmoja watakaa nanyi, na chai itakuwepo. Na wewe kaka mkubwa unayeshika hati ya shamba la marehemu baba, njoo pia. Uje na hiyo hati.