Dhima ya Mfinyanzi: Uzuri na Ulevi katika Milima ya Upare

Iwapo msanii anayekipamba kileo anashiriki katika yale yatokanayo na kunywewa kwake ni swali lililopata uzito mpya katika miji ya Afrika Mashariki, ambako baa za kokteli, yaani baa zinazouza pombe kali iliyochanganywa na juisi, sukari na viungo, huwaita wachoraji, wafinyanzi na wabunifu wa samani waziundie kuta, vikombe na mandhari. Katika Same na Mwanga, wilaya za Tanzania ambazo hadi 1979 zilikuwa wilaya moja ya Pare, swali hilo ni kongwe kuliko baa yenyewe.

Wapare, wasemao Chasu, wanajulikana kwa dengelua, pombe ya maji ya miwa yaliyoachwa yachachuke. Chombo cha pombe kilikuwa kazi ya wanawake wafinyanzi, ambao huukanda udongo, huuinua ukuta wa chungu kwa vidole bila gurudumu, huuchoma kwa moto wa wazi, na hatimaye hupata chombo chenye vinyweleo vinavyopitisha unyevu kidogo kidogo, hata kilichomo kikabaki baridi. Wahunzi nao walikuwa na heshima kubwa: Isaria Kimambo, katika historia ya siasa za Wapare aliyoichapisha mwaka 1969, anaeleza kwamba Washana, ukoo wa wahunzi, ndio waliotawala Ugweno, Upare ya Kaskazini, kabla ya ukoo wa Wasuya kuwapokonya madaraka. Hapo fundi hakuwa mtu wa pembeni. Pombe ilipomiminwa katika tambiko, yaani ibada ya kuwakumbuka na kuwaomba wahenga, aliyekifinyanga chungu alijua kinakokwenda, nani atakinywea na nani hataruhusiwa kukigusa, kwa kuwa yeye mwenyewe aliishi chini ya miiko hiyohiyo.

Dini zilizokuja baadaye zililiuliza swali hili kwa ukali zaidi. Wasabato, waliofungua misheni yao Upare ya Kusini mwaka 1903, hufundisha kujiepusha kabisa na kileo. Kwa Waislamu ipo hadithi mashuhuri ya Mtume inayowalaani watu kumi kwa ajili ya mvinyo, wakiwamo mkamuaji, mbebaji, mnyweshaji, muuzaji na mla thamani yake, wala si mnywaji peke yake. Mpambaji wa chombo hakutajwa, lakini mantiki ya hadithi hiyo iko wazi: dhambi ina mnyororo, na kila pete ya mnyororo huo ni mkono wa mtu.

Thomas Aquinas, mwanateolojia wa Kikatoliki wa karne ya 13, alitenga sanaa ambayo zao lake haliwezi kutumika bila dhambi na ile ambayo zao lake laweza kutumika kwa wema au kwa ubaya, kama upanga, akiiona hii ya pili kuwa haina hatia kwa yenyewe. Mgawanyo huo unamtosha mfinyanzi anayepeleka vyungu gulioni bila kujua kama vitatiwa maji, maharage au dengelua. Haumtoshi mbunifu wa baa, kwa sababu yeye hauzi kitu kisichojua kiendako. Amelipwa ili mwanga, rangi na umbo la bilauri vimfanye mteja akae zaidi na aagize tena, na hilo ndilo kusudi la kazi yake tangu mchoro wa kwanza. Kusema kwamba msanii naye ana watoto wa kulisha ni kweli, na ni kweli nzito, lakini mwenye baa na mpishi wa gongo nao wana watoto.

Hata hivyo, hatia ya mbunifu huyo haitokani na uzuri. Katika milima hiyohiyo Walutheri hutoa divai katika chakula cha Bwana, Wasabato hutumia maji ya zabibu yasiyochachuka, na wote wawili hukichagua kikombe cha meza hiyo kwa uangalifu. Tofauti yao iko katika kilichomo, wala hakuna kati yao anayekitengeneza kikombe ili mshiriki arudi kujaziwa. Chungu cha tambiko nacho kilikuwa na ukomo wake, kwa maana kilikwisha pamoja na ibada. Mbunifu anayeikubali kazi ya baa hana budi kuuliza, kabla ya kutia sahihi, ni wapi katika mchoro wake mnywaji ataona kwamba imetosha.