Je, Anayebuni Hadithi Anasema Uongo?

 

Likizo iliyopita, baada ya darasa la Maghrib katika msikiti wa mtaani kwetu Jinja, binti mmoja wa kidato cha sita alisubiri watu wapungue, kisha akaja na mdogo wake wa kiume akaniuliza swali. Anataka kusoma Kiingereza na uandishi wa kubuni chuo kikuu. Mjomba wake amemwambia kwamba hapo kuna mabaya matatu kwa mpigo mmoja: lugha ya mkoloni, kazi ya kusema uongo, na njaa. "Kaka, wewe uko Mbale unasoma mambo hayohayo," akasema. "Mjomba amekosea wapi?"

Siku ile sikumjibu vizuri. Najaribu kumjibu hapa, maana naamini si yeye peke yake aliyeambiwa hivyo.

La lugha ndilo jepesi. Mtume (SAW) alimwagiza Zayd bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi, kwa kuwa hakuwa na imani na waandishi wao katika barua zake. Zayd akayajua kwa takriban nusu mwezi. Tuzingatie sababu: lugha ya wengine ilitafutwa ili neno lisipotoshwe njiani. Nia hiyo inatutosha hata sisi. Lakini tusiifanye lugha hiyo kuwa hakimu. Juni 1962 waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza walikutana Makerere. Mwezi huohuo Shaaban Robert, mwandishi mkubwa wa Kiswahili, alifariki dunia Tanganyika. Mkutano ule ulikuwa wa wenye Kiingereza, kwa hiyo yeye hakuwa katika hesabu. Ngugi wa Thiong'o, aliyehudhuria akiwa bado mwanafunzi, alikuja kuikosoa kasoro hiyo baada ya miaka mingi. Soma Kiingereza, basi, lakini kisikuambie nani ni mwandishi na nani si mwandishi.

La uongo ni zito zaidi. Mjomba ana hoja, kwani mwisho wa Surat Ash-Shu'araa washairi wanalaumiwa. Lakini tuangalie wanalaumiwa kwa lipi: wanatangatanga katika kila bonde, na maneno yao hayaendi pamoja na matendo yao. Kisha aya haziishii hapo. Wanatolewa katika lawama hiyo walioamini, wakatenda mema na kumkumbuka Mwenyezi Mungu kwa wingi. Hassan bin Thabit aliwekewa mimbari msikitini mwa Mtume (SAW) ili autetee Uislamu kwa mashairi. Kilicholaumiwa, basi, ni ulimi uliokatika na moyo. Ufundi wenyewe haukuharamishwa.

Wala kubuni visa si jambo geni kwetu. Ibn Tufayl, tabibu na mwanafalsafa wa Andalusia katika karne ya 12, alibuni kisa cha mtoto aliyekulia peke yake kisiwani hadi akili yake ikamfikisha kwa Muumba. Al-Hariri wa Basra alitunga visa vya laghai mwenye ufasaha. Wapo waliomlaumu, lakini wanazuoni walivisoma na kuvifafanua kwa karne nyingi. Walijua wanachokisoma, na hapo ndipo penye tofauti. Mwongo anataka uamini kwamba jambo limetokea ilhali halikutokea, ili upotee yeye apate. Msimuliaji wa kisa cha kubuni ana mapatano na msikilizaji wake tangu neno la kwanza. Bibi aliyetusimulia habari za sungura na fisi hakumdanganya mtoto yeyote.

Nami niseme langu, ingawa ni aibu. Nilipojaza fomu ya chuo nilimwambia baba kwamba nimeomba sheria. Baba yangu hununua mukene, yaani dagaa, pale Masese, akaenda kuwauza sokoni. Alinilipia karo akijua ananisomesha uwakili. Likizo ya kwanza, ndani ya taksi kutoka Mbale, nilikuwa nimeshaamua kumweleza. Tukapita barabara ya Tirinyi, tukavuka mto Mpologoma na mashamba ya mpunga, tukafika Iganga, bado sijapata sentensi ya kuanzia. Usiku nikamwambia hivyo hivyo. Hakufoka. Aliuliza jambo moja tu: "Sokoni nimewaambia watu wote kwamba mwanangu anasoma sheria. Kumbe nimekuwa mwongo?"

Muhula ule nilikuwa nimeandika kisa cha mvuvi anayezungumza na Mto Nile. Hakikumdanganya mtu. Lakini sentensi moja niliyomwambia baba ilimdanganya yeye, na kupitia kwake ikadanganya soko zima. Nilikuwa nikiogopa dhambi ya hadithi, kumbe dhambi ilikuwa kwenye fomu.

Hata hivyo, si kila kinachoitwa hadithi kimesalimika. Mtume (SAW) ametufundisha kwamba kusengenya ni kumtaja ndugu yako kwa analolichukia, hata kama analo kweli. Ukichukua talaka ya jirani yako, ukambadilisha jina na rangi ya mlango, na mtaa mzima ukamjua, umemsengenya kwa ufasaha. Huwezi kujitetea kwamba ni kisa cha kubuni, wala kwamba ni kweli tupu. Hapo kosa si uongo; umeivunja heshima ya mtu.

Kuna na kosa la pili, ambalo ni ushahidi wa uongo. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito Nabuyonga na Namatala ilifurika hapa Mbale, na watu zaidi ya 20 wakafa. Magazeti yalitupa idadi, nayo ni haki yake. Lakini idadi haisemi ilikuwaje kwa mama aliyesikia maji mlangoni gizani. Mwandishi anaweza kulieleza hilo kwa mtu wa kubuni, akasema kweli ambayo hesabu haiifikishi. Anaweza pia kulipamba ili msomaji wa mbali amhurumie, akatuonyesha kama watu wasio na akili wala mipango, wanaongoja msaada tu. Kila sentensi itakuwa ya kubuni, na wote tutakuwa tumesingiziwa. Ndiyo maana naona kazi hii inahitaji kusomewa: ajifunze mtu kutazama vizuri kabla ya kushuhudia.

Limebaki la njaa, na hapa mjomba hajakosea. Wengi wetu tunaosoma fasihi tutaishia ualimu. Mwaka 2022 mwalimu wa sayansi wa sekondari ya serikali mwenye shahada alipandishiwa mshahara hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, mwenzake wa sanaa akabaki na takriban milioni 1. Walimu wa sanaa waligoma mwaka huohuo. Kusema kwamba riziki ni ya Allah ni kweli, lakini tumeagizwa pia kumfunga ngamia kabla ya kutawakali. Anayelisoma somo hili ajue na kazi nyingine ya mkono au ya biashara. Na amweleze mzazi hesabu hizo yeye mwenyewe, kabla mzazi hajazisikia barabarani. Karo inayotolewa kwa kudanganywa haina baraka, hata ikilipia somo la tafsiri ya Qur'an.

Dada yangu uliyeniuliza, kama ningepata nafasi ya kukujibu tena pale msikitini, ningesema hivi. Nia yako si haramu. Lakini kazi yako ya kwanza ya uandishi si kisa utakachomwonyesha mhadhiri. Ni mazungumzo utakayofanya na wazazi wako na mjomba wako kabla ya kuijaza fomu: unataka kusoma nini, kwa nini, litalipa kiasi gani, na utakula nini lisipolipa. Wakikataa, rudi kwao tena kwa adabu, uwaendee na mtu wanayemheshimu. Mimi niliruka hatua hiyo. Baba amenisamehe, na karo analipa. Lakini hadi leo, akiulizwa sokoni kijana wake anasoma nini, hunitazama kwanza mimi.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.