Saa Nne ya Nani?



Mtu aliyekosea dozi ya dawa bila kukusudia, je, anadaiwa kitu? Wengi wetu tutajibu haraka kwamba amali huenda na nia, na kwamba umma huu umesamehewa kosa la bahati mbaya na la kusahau. Nami nilikuwa nikijibu hivyo, mpaka nilipokosea.

Mama mmoja Mrundi wa Dzaleka alimpeleka mwanawe wa kilo 10 kwenye kituo kimoja cha afya mjini Lilongwe. Nilikwenda kama mkalimani, maana mama anajua Kirundi na Kiswahili, na nesi Kichewa na Kiingereza. Mtoto alikuwa na malaria, akapewa LA, dawa mseto inayotumika Malawi tangu 2007. Kwa mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 ni kidonge kimoja, mara sita kwa siku tatu, na dozi ya pili hufuata masaa manane baada ya ile ya kwanza. Ya kwanza alimeza palepale, saa mbili asubuhi. Nesi akasema ya pili ni 4 koloko. Nikamgeukia mama nikamwambia, "Saa nne."

Wenye Kiswahili mmeshaelewa. Wamalawi husoma saa kama ilivyoandikwa. Sisi huanza kuhesabu asubuhi. 4 koloko ni saa kumi alasiri. Ulimi wangu ulibeba namba ukaacha maana. Saa nne tulikuwa ndani ya minibasi, nikamwona mama anakoroga kidonge kwenye kifuniko cha chupa ya maji. Mtoto alipomaliza kumeza ndipo nikashtuka. Tulishuka, tukarudi Lilongwe. Nesi alimchunguza mtoto, akatupangia upya saa za dozi zilizobaki. Mtoto alipona, alhamdulillah.

Lakini kupona kwake si uadilifu wangu. Lau ingekuwa dawa kali zaidi, neno lilelile, kwa nia ileile, lingeweza kuua. Chukua hata panado ya maji. Kwa miligramu 15 kwa kila kilo, mtoto yule angehitaji miligramu 150. Chupa yenye miligramu 120 katika mililita 5, hiyo ni mililita 6.25. Chupa yenye 250 katika mililita 5, ni mililita 3 tu. Anayepima kwa mazoea bila kusoma chupa atampa mtoto zaidi ya maradufu, na moyo wake ni safi kabisa.

Sheria yetu haikuchanganya mambo mawili haya. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 92, aliyeua kwa kukosea hahesabiwi muuaji wa makusudi, na bado ana kafara, na jamaa za marehemu wana diya yao. Dhambi imeondoka, haki ya mtu imebaki. Abu Dawud amepokea kwamba anayejitia utabibu hali hajulikani kwa utabibu, yeye ni mdhamini. Huyohuyo amepokea kutoka kwa Jabir kisa cha msafiri aliyepasuliwa kichwa na jiwe kisha akapatwa na janaba. Wenzake walimwambia hana ruhusa ya kutayamamu. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) aliwalaumu vikali kwa kutouliza jambo wasilolijua. Isnadi za hadithi hizi wanazuoni wamezijadili, lakini kisa hiki kinanigusa kuliko kingine chochote: wale hawakumpa mtu dawa, walimpa jibu tu. Kama mimi.

Utasema: tukiwabebesha dhamana wanaojitolea, nani atajitolea? Dzaleka ina watu zaidi ya 50,000, na wakalimani wengi ni vijana kama sisi. Hoja hii ina uzito. Ibnul-Qayyim, katika Zaadul-Ma'ad, anamwondolea dhamana kabisa tabibu mjuzi aliyefanya kazi ipasavyo, hata mgonjwa akidhurika. Na mjuzi ambaye mkono wake umeteleza, diya ikifika theluthi, hubebwa na akila, yaani jamaa zake. Fikhi haikumwacha mkosaji peke yake, ila haikumwambia aliyedhurika kwamba hadai kitu. Nadhani jumuiya inayowatuma vijana hospitalini ndiyo akila yao, na haifai kuwatuma bila kuwafunza hata habari hii ndogo ya saa.

Dzaleka, jina la gereza la zamani lililogeuzwa kambi mwaka 1994, kwa Kichewa lina maana ya kuacha, kutorudia tena. Ni sharti mojawapo la toba, nami nimelichukua hivyo. Siku hizi nasema "alasiri, karibu na adhana," sitaji namba peke yake, kisha namwomba mama anirudishie maneno yangu kwa mdomo wake.

Nauli ya kurudi mjini siku ile aliilipa yule mama, yake na ya kwangu. Nimempelekea fedha mara tatu. Kila mara ananiambia, "Mwanangu, hukukusudia," na anazirudisha.