Aliyepika, Amekula?



Leo naomba tuongelee msosi. Najua, pengine ulitegemea frateri aje na novena au na mambo ya wito. Lakini hebu fikiria: kati ya yote ambayo familia hufanya, hakuna linalorudiwa mara nyingi kama kula. Sasa kama imani yetu haina la kusema juu ya jambo tunalolifanya kila siku, itasema juu ya lipi?

Kusifia chakula cha nyumbani wote tunajua. Mtu akikaa chuoni miezi mitatu anakula chipsi na wali wa kwa mama ntilie, siku akirudi likizo anapiga picha sahani na kuirusha WhatsApp: hakuna kama nyumbani! Na ni kweli. Mchicha wa nazi wa nyumbani una kitu ambacho huwezi kukinunua.

Swali langu ni dogo, ila kila nikiligeuza linazidi kuwa zito: aliyepika, amekula? Na kama amekula, alikula na nani?

Ng'ombe nao wanakula pamoja

Nilipokuwa nasoma falsafa, sehemu moja ya Aristotle ilinikaa kichwani kuliko hoja zake nyingi ngumu. Katika Nicomachean Ethics, kitabu cha tisa, anajiuliza: marafiki kuishi pamoja maana yake nini? Anajibu kwamba kwa binadamu kuishi pamoja ni kushirikishana maneno na mawazo, si kama mifugo ambayo inalishwa tu sehemu moja. Yaani ng'ombe ishirini kwenye malisho mamoja wanakula kwa wakati mmoja, lakini hatuwezi kusema wana chakula cha jioni pamoja.

Kwa hiyo sebule yenye watu sita, kila mmoja na sahani yake na simu yake, runinga inaongea peke yake, bado haijawa meza. Papa Fransisko aligusa jambo hilo hilo katika katekesi yake ya tarehe 11 Novemba 2015. Alisema familia ambayo karibu haili pamoja, au inakula huku macho yako kwenye runinga na simu, imepungukiwa kitu katika ufamilia wenyewe. Akaifananisha nyumba ya namna hiyo na nyumba ya wageni: watu wanalala, wanakula, wanaondoka.

Kuna jambo lingine la Aristotle, katika kitabu cha nane. Anakumbusha usemi wa Wagiriki wa kale kwamba watu hawawezi kujuana kabla hawajala chumvi pamoja. Sisi nasi tuna chumvi yetu. Tukimwona mzee mwenye hekima tunasema amekula chumvi nyingi. Wagiriki walipimia chumvi urafiki, sisi tunapimia miaka. Ukiziweka pamoja unapata ukweli mmoja: kumjua mtu kunataka muda, na muda huo mara nyingi unapita mezani.

Sasa angalia linalofuata. Kama watu hujuana kwa chumvi waliyokula pamoja, yule anayeitia chumvi hiyo kwenye sufuria kila siku, lakini haketi kuila na wengine, nani humo ndani anamjua?

Jagi na beseni

Nikiwa kwenye mwaka wa uchungaji parokiani, Dominika moja familia fulani ilinialika chakula cha mchana. Watu wakarimu sana, na nitawaombea daima. Wali ulikuwa wa nazi, kuku wa kienyeji, maharage, kachumbari. Dada wa kazi, binti ambaye kwa kumtazama hazidi miaka 19, alipita na jagi na beseni akatunawisha mmoja mmoja, watu saba, kisha akapotelea jikoni. Baba akaongoza sala. Akamwomba Mungu awabariki waliotuandalia chakula. Tukaitikia amina.

Pale ndipo nilipopata kigugumizi cha moyo. Tulikuwa tumemwombea mtu baraka, na mtu mwenyewe hakuwepo kuitikia amina. Nikauliza, "Dada naye anakuja?" Wakacheka kidogo. "Yeye atakula baadaye, Frateri, usijali." Bibi wa nyumba ile, ambaye muda wote alikuwa kimya, akasema tu, "Leteni sahani nyingine."

Alikuja. Sitakudanganya kwamba meza ilichangamka ghafla. Haikuchangamka. Alikaa pembeni, akala kidogo akiinamia sahani. Ili nianzishe maongezi nikamuuliza alisali Misa ya ngapi. Akasema hakwenda. Alikuwa anaandaa chakula.

Chakula cha kumkaribisha frateri.

Mezani pakawa kimya. Mama wa nyumba akaweka kijiko chini. Hakuna aliyemfanyia binti yule ubaya wa makusudi. Na hilo ndilo linalonifanya nilifikirie hadi leo. Dhuluma nyingi za nyumbani hazina mtu mbaya ndani yake. Zina mazoea tu.

"Mama mwenyewe anapenda"

Najua utaniambia: Frateri, unakuza mambo. Kwetu anayepika ni mama, na mama mwenyewe anapenda. Upendo hauhesabiwi. Ukianza kuweka daftari la nani kapika na nani kaosha vyombo, umeua familia.

Hoja hii ni nzito, na nusu yake naikubali. Upendo wa mama kweli hauna daftari. Lakini tutofautishe mambo mawili. Anayetoa kutodai ni jambo moja. Anayepokea kujiona hana deni ni jambo jingine kabisa. Ukarimu wa mama unamfanya *yeye* asidai. Haukupi *wewe* kibali cha kusahau. Tena jiulize kwa uaminifu: anapenda kula mwisho, au hakuna aliyewahi kumwita? Kuna sentensi moja ambayo vijana wengi tumeisikia chakula kikiwa kidogo: "Ninyi kuleni, mimi nimeshashiba kwa kuonja." Wote mezani wanajua si kweli. Na wote wanaendelea kula.

Mwingine atasema ni mila: kwetu wanaume wana sinia lao na wanawake lao. Sina ugomvi na sinia. Sinia ni shule. Linakufundisha kula upande wako, kutokimbilia nyama, kumngoja mdogo. Na akina mama wanaozunguka sinia lao, wanacheka na kusimuliana ya siku nzima, hao wamekula pamoja hata Aristotle angekubali. Shida ni yule anayebaki peke yake jikoni, amesimama, anakwangua ukoko, wakati sisi tunasifia mapishi yake.

Na wapo ambao ratiba zimewabana: baba yuko zamu ya usiku, mama anafunga genge saa tatu. Hapo hakuna wa kulaumiwa. Familia inayoweza kukaa mezani mara moja tu kwa wiki, na ikakaa kweli, inaishinda ile inayokutana kila jioni bila kuonana.

Ngazi tatu za shukrani

Mtakatifu Thomaso wa Akwino, katika Summa Theologiae, anaiweka shukrani karibu na haki. Si hisia nzuri tu. Ni jambo tunalodaiwa. Anaipa ngazi tatu: kutambua wema uliotendewa, kuukiri kwa kushukuru, na kuulipa kwa wakati na mahali panapofaa kadiri ya uwezo wako.

Ngazi ya kwanza ni ngumu kuliko inavyoonekana, kwa sababu kazi ya jikoni hupotea ikikamilika. Fundi akijenga ukuta, ukuta unabaki. Mama akipika, ushahidi wa kazi unaliwa ndani ya dakika kumi na tano, na kesho anaanza upya: maji, mkaa, kuchambua mchele, kukuna nazi, kutwanga, kukoroga, kuosha. Kutambua ni kuiona kazi ambayo haiachi alama.

Ngazi ya pili sisi Wakatoliki tunaijua, kwani tuna sala kabla na baada ya chakula. Lakini angalia tusimshukuru Mungu kwa sauti ili tukwepe kumshukuru aliye jikoni.

Ngazi ya tatu ndiyo inayotushinda. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sasa wewe uko nyumbani kwenu miaka 20. Jembe lako liko wapi? Sufuria lenye ukoko linakungoja kwenye karo. Na hapa naongea hasa na vijana wa kiume, maana tunapenda kusema jikoni si mahali petu, lakini mlango wake tunaujua vizuri tukiwa na njaa.

Thomaso anaongeza kwamba shukrani inapaswa kujitahidi kuzidi kile ulichopokea, kwa kuwa ukirudisha sawasawa tu, ni kama hujatoa kitu chako. Naye Aristotle anasema deni la wazazi hakuna anayeweza kulimaliza. Anayefanya kadiri awezavyo anahesabiwa mwema. Basi tusikate tamaa, tuanze. Wewe uliyepata kazi mjini na unatuma pesa kwa simu kila mwezi, Mungu akubariki. Ila uliza pia zile pesa zinapikiwa wapi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani, hasa wa jikoni, ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani. Nchi yetu nayo mwaka 2024 ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Mama yako asisubiri 2034. Mtungi wa gesi unaweza kuwa njia ya kumwambia: nimekuona, na mapafu yako nimeyaona.

Mfufuka alipopika

Soma Injili ya Yohane sura ya 21. Wanafunzi wamehangaika ziwani usiku kucha, hawajapata kitu. Wakifika pwani wanakuta moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Aliyewasha ule moto ni Yesu mfufuka. Ameshinda mauti, mamlaka yote ni yake, na asubuhi hiyo anawapikia rafiki zake kifungua kinywa, kisha anawaita waje wale. Kama jikoni kungekuwa kunamshusha mtu hadhi, Bwana wetu asingeinama penye makaa *baada ya* ufufuko.

Na katika Luka sura ya 12 Yesu anaeleza jinsi bwana anavyorudi usiku kutoka arusini na kuwakuta watumishi wake wako macho. Wewe na mimi tungetegemea aagize chakula. Kumbe anajifunga yeye mwenyewe kama mtumishi, anawaketisha, anawaandalia. Ni kweli, sura ya 17 ina mfano mwingine wa mtumishi anayetoka shamba na kuambiwa apike kwanza. Lakini pale Yesu anamfundisha anayehudumu asijivune. Hamruhusu anayehudumiwa asahau. Ufalme wa Mungu ni mahali ambapo aliyehudumu maisha yake yote hatimaye anaambiwa: kaa, leo ni zamu yangu.

Mtakatifu Benedikto alilielewa hili mapema, karne ya 6. Katika kanuni yake wamonaki wanahudumiana jikoni kwa zamu za wiki, na wanaosamehewa ni wagonjwa na wenye kazi nzito za monasteri. Tena akaagiza wale wa zamu wapewe mkate na kinywaji kabla ya wenzao, ili wahudumu bila manung'uniko. Unaona? Miaka 1,500 iliyopita mtakatifu alishauliza: aliyepika, amekula?

Wiki hii

Mtaguso wa Pili wa Vatikano unaiita familia Kanisa la nyumbani. Basi Kanisa hilo nalo lina meza yake. Nakupa mambo matatu tu. Moja, chagua siku moja, simu ziwekwe mbali, na sala isianze mpaka aliyepika ameketi. Kama amesimama kufuata chumvi, mngojeni. Mbili, siku hiyo vyombo ni vyako, bila kutangaza na bila kupiga picha. Tatu, kama kwenu kuna dada wa kazi, jua jina lake kamili, jua kwao ni wapi, na Jumamosi jioni muulize, "Kesho unasali Misa ya ngapi, ili nikushikie jiko?"

Tunapokwenda altareni tunasogea kwenye meza ambayo Mwandalizi hajabaki jikoni: yupo, anatungoja, na chakula ni yeye mwenyewe. Tukitoka hapo na kurudi nyumbani, tusikubali kumwacha mtu mlangoni na jagi mkononi.

Bwana atujalie macho ya kuwaona wanaotulisha, na mikono isiyoogopa masizi. Amina.

Uwe na wiki njema, na karibu mezani.