Ahadi Iliyochorwa

Wahenga walisema ahadi ni deni. Je, msanii anayefanya kazi peke yake anaweza kujisamehe deni hilo kwa jina la ukweli?

Katika miaka ya 1980 nchini Marekani, baadhi ya wachoraji wa katuni walijitenga na kampuni kubwa, ambako mmoja huandika, mwingine huchora, na mhariri huamua. Walitaka hadithi nzima itoke katika mkono mmoja. Mmoja wao ni Art Spiegelman. Mwaka 1980 yeye na mkewe, Françoise Mouly, walianzisha jarida la Raw mjini New York, na katika toleo la pili wakaanza kuchapisha Maus, sura baada ya sura. Humo Spiegelman anasimulia maisha ya baba yake, Vladek, Myahudi wa Poland aliyenusurika Auschwitz. Wayahudi amewachora kama panya, Wajerumani kama paka.

Katika sura ya kwanza Vladek anasimulia habari za msichana aliyekuwa naye kabla ya kumwoa mama yake Art. Kisha anamwomba mwanawe asiyaandike hayo, maana ni mambo yake ya siri na hayamhusu Hitler. Mwana anaahidi. Lakini sisi wasomaji tumekwisha kuyasoma, na ahadi yenyewe imechorwa pale pale. Wakati huo Vladek alikuwa hai. Alifariki mwaka 1982.

Wanaomtetea husema kwamba bila habari hizo Vladek angebaki mhanga tu, si mtu kamili. Tena mwanawe hakuficha kosa. Hoja ya kwanza ina uzito. Ya pili haitoshi, kwa sababu kukiri deni si kulilipa. Aliyechagua mkono mmoja hana mhariri wa kumsingizia.

Swali hili linatuhusu hapa Malakia, mtaa wa zamani wa Juba. Wazee wetu wanakumbuka vita vilivyoanza mwaka 1983, na hata vijana wanakumbuka vya 2013. Bibi akisimulia safari ya kukimbilia Uganda, anaweza kufika mahali akasema, "Hili liishie hapa." Mjukuu ana kalamu na simu. Afanyeje?

Naona tutenganishe mambo mawili. Nani alichoma kijiji, nani aliuawa: hayo ni ushahidi, na jamii inayadai, ingawa hata hapo jina la msimulizi lilindwe. Lakini yaliyo ya moyo wake ni mali yake. Mjukuu arudi kumwomba tena, akikataliwa, anyamaze. Pengine bibi atakufa na siri yake, nasi tutapoteza ukurasa mzuri. Hasara hiyo ni ya kweli, na ni halali tuibebe.

Maus tuendelee kuisoma. Ila tukifika ukurasa ule tukumbuke kwamba sisi ndio tuliofaidika, na aliyelipa ni Vladek.